Joto kwanza, sindano baadaye

MUULIZE DAKTARI WA MIFUGO

SWALI: Shikamoo mama daktari. Niko Igombe, wilaya ya Ilemela. Ninafuga mbwa jike wa ulinzi, chotara, jina lake Malkia, na huu ndio uzao wake wa kwanza. Alizaa watoto saba, wote wazima, wakanyonya vizuri wiki nzima. Siku ya tisa mmoja akaanza kulia bila kunyamaza, kilio chembamba kama cha paka. Ukimwekea chuchu mdomoni anaiachia. Kinyesi kikawa laini, njano iliyoingia kijani. Asubuhi tukamkuta amekufa. Siku iliyofuata wakafa wawili, kisha wawili tena. Kijana wa duka la dawa aliwachoma wote OTC, ile dawa ya kuua bakteria (oksitetrasaiklini), haikusaidia kitu. Mama yao hana neno, anakula ugali na vichwa vya sangara kama kawaida. Wamebaki wawili. Jirani anasema maziwa ya Malkia ni sumu na mbwa mwenyewe ana mkosi, nimtoe. Nilisahau: wiki mbili kabla hajazaa, shemeji yangu alinipa dume kutoka Geita, anapiga chafya kidogo tu. Wanalala banda moja, sakafu ya sementi, upande wa ziwani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako ilinifikia nikakupigia simu siku ileile, kwa hiyo mengi tumeshayazungumza. Hapa nawaandikia wenzako, maana miezi hii ya baridi nimeulizwa jambo hilihili na watu wa Nyegezi, Kisesa mpaka Magu.

Sentensi niliyoipigia mstari ni ile uliyoitupia mwishoni, ya dume anayepiga chafya. Mbwa wana kirusi chao cha jamii ya herpesi, kilielezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1965. Kwa mbwa mkubwa hakina makuu: mafua mepesi, chafya mbili tatu, basi. Kisha hujificha mwilini maisha yake yote. Kikimpata jike katika wiki tatu za mwisho za mimba, hana muda wa kutengeneza kinga na kuwapitishia wanawe kwenye dang'a, maziwa ya kwanza. Watoto hukipata wakati wa kuzaliwa au wanapolambwa na mama yao, nao huambukizana wenyewe kwa wenyewe. Hupita siku 6 hadi 10 kimya, ndipo kilio kinaanza. Hesabu siku zako uone.

Kwa nini kiue mtoto na kimwache mama? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu ndipo lilipo jambo lote. Kirusi hiki hustawi kwenye mwili uliopoa kidogo. Mbwa mkubwa ana joto la nyuzi 38 hadi 39, na humo hakifurukuti sana zaidi ya puani na sehemu za uzazi. Mtoto wa wiki ya kwanza ana nyuzi 35 hadi 37 tu, na hawezi kujitia joto mwenyewe mpaka afikishe wiki tatu au nne. Akilala juu ya sementi, upepo wa ziwa unaingia chini ya mlango, anapoa zaidi. Kirusi kinaenda ini, figo, mapafu, ubongo. Tangu aache kunyonya hadi afe ni siku moja au mbili.

Watu wananiambia, "Daktari, Mwanza kuna joto." Mchana, ndiyo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Amka saa kumi alfajiri ukaguse sakafu ya banda lako.

Dalili za kutazama ni hizo ulizoandika, nami naongeza tatu. Tumbo linauma ukiliminya taratibu. Ufizi au ngozi ya tumbo ina vidoti vyekundu, damu imevuja chini kwa chini. Ya tatu ndiyo inayowapoteza wengi: HANA HOMA. Mnamshika, mnamwona wa baridi, mnasema si ugonjwa. Nunueni kipimajoto, kile cha kawaida cha duka la dawa za binadamu kinatosha, mpake mafuta nchani mumpime njia ya haja kubwa. Mimi nikipigiwa simu ya watoto wa mbwa, swali langu la kwanza ni nyuzi ngapi. Asiye na jibu namwambia akapime kwanza ndipo anipigie tena. Wananiona mkali.

Sasa tiba. Nisikudanganye, aliyeshaanza kulia hivyo mara nyingi humpati tena. Kazi yako ni kwa wale ambao bado wananyonya. Tuliwatoa sakafuni wale wawili, tukawaweka kwenye boksi la katoni lenye blanketi, chupa mbili za maji moto zilizofungwa kanga, zikibadilishwa kila yalipopoa, na kitambaa chenye unyevu pembeni hewa isikauke. Tunalenga joto la boksi karibu nyuzi 35 na mwili wa mtoto ufike 38, usizidi 39. Boksi liwe na upande usio na chupa, akiunguliwa atambae. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa sitaki kulisikia, litawaua ninyi pamoja na mbwa.

Mtoto aliyepoa chini ya nyuzi 35 usimpe maziwa. Tumbo lake limesimama, maziwa yatachachia humo au yataingia mapafuni. Mpashe polepole, saa moja mpaka tatu, ndipo anyonye. Akishindwa, mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, si chali kama mtoto mchanga wa mtu. Hata hili wanalikosea watu wenye digrii.

Ipo dawa ya herpesi ya binadamu, asikloviri, ambayo madaktari wa mbwa huijaribu. Matokeo yake ni ya kubahatisha, na kipimo apange daktari. Ipo pia njia ya kuchukua majimaji ya damu ya jike aliyewahi kupoteza uzao kwa ugonjwa huu, mililita moja au mbili, daktari akamchoma mtoto tumboni. Inafaa kabla dalili hazijaanza. Baadaye ni kazi bure. OTC haiui kirusi, na kwa mifupa na meno ya mtoto inaleta madhara. Ivamectini, ile dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, msiwaguse nayo watoto wachanga, hata mwenye duka akiapa. Simlaumu yule kijana, aliombwa dawa akatoa aliyonayo.

Mmoja wa wale wawili alifariki usiku uleule. Msomaji wetu alifanya jambo ambalo watu kumi hawalifanyi: hakumzika. Alimtia kwenye mfuko, mfuko kwenye ndoo ya barafu ya samaki, akapanda daladala asubuhi. Baridi ya barafu, si ya friza, kwa sababu nyama iliyoganda ikiyeyuka inaharibika na kupoteza ushahidi. Nilimfungua. Figo zilikuwa na madoa mekundu kotekote, kama harage la rosekoko lililolowekwa. Mara ya kwanza kuziona figo hizo nilikuwa mgeni kazini Nansio, Ukerewe, nimeshachoma penisilini watoto sita wa mbwa wa mvuvi mmoja na wote wamekufa mikononi mwangu. Nilikuwa na chupa kumi na mbili za dawa kwenye begi na sikuwa na hata moja ya maji moto.

Figo hizo zinanipa dhana nzito, kipande cha kiungo maabara ndicho kinachothibitisha. Watoto wa umri huu huuawa pia na njaa, minyoo ya safura, na vijidudu vya kitovu. Ndiyo maana nasema fungueni.

Aliyebaki yuko hai hadi ninapoandika. Anatembea akiyumba kama mtu aliyeshuka kwenye mtumbwi, na jicho la kushoto silipendi. Kirusi hiki huwaachia baadhi ya waliopona upofu, figo dhaifu au mwendo wa kupepesuka. Tutaona.

Malkia hana mkosi na maziwa yake hayana sumu. Tena sasa amepata kinga, na uzao ujao kwa kawaida watoto huishi. Ukimtoa leo, unampa jirani jike mwenye kinga, wewe unakwenda kuanza upya na asiyenayo. Huenda jirani analijua hilo.

SWALI: Daktari, jike wangu atazaa mwezi ujao, hapa Buswelu. Nijiandae vipi ugonjwa huo usiingie? Na je, unaambukiza watoto wangu?

JIBU: Watoto wako hawapati, dada. Herpesi ya mbwa inabaki kwa mbwa.

Wiki tatu kabla ya kuzaa na wiki tatu baada, asikutane na mbwa mwingine yeyote, hata wa shangazi. Wewe nawe ukitoka kwenye mbwa wa watu, nawa mikono na ubadili nguo. Kirusi chenyewe ni dhaifu nje ya mwili, Jiki iliyochanganywa na maji inakimaliza. Ulaya ipo chanjo iliyoidhinishwa mwaka 2001, jike huchanjwa mara mbili katika kila mimba, lakini katika maduka ya hapa Mwanza sijawahi kuiona.

Boksi la kuzalia liinuliwe kutoka sakafuni hata kwa tofali mbili. Pima uzito wa kila mtoto kila siku, saa ileile, na uandike. Anatakiwa aongezeke asilimia 5 hadi 10 kwa siku. Asiyeongezeka ameanza kuumwa kabla hajalia. Mizani ya jikoni inafaa. Ya kupimia dagaa gengeni haifai, inaruka gramu hamsini kwa mkupuo na hapo ndipo uhai wa mtoto wa mbwa ulipo.

SWALI: Mbwa wangu wa miezi miwili anatapika na kuharisha damu inayonuka sana. Ndiyo hiyo herpesi? (Igoma)

JIBU: Hapana, huyo umri umempita. Ninachokishuku ni parvo, kirusi kingine kinachoshambulia utumbo wa mbwa, na ukisoma haya bado hujampeleka kwa daktari, weka jarida chini umpeleke. Anahitaji maji ya dripu leo. Akipona au asipopona, usilete mtoto mwingine wa mbwa asiyechanjwa kwenye uwanja huo, maana kirusi cha parvo, tofauti na kile cha Igombe, hukaa ardhini miezi mingi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Sindano moja halafu ukapumzika haitoshi.

Na wewe wa Igombe, nilisahau kukuambia kwenye simu: yule dume usimrudishe Geita kabla hujamuuliza shemeji yako kama kuna jike mwenye mimba kule.