Sutra ni uzi, lakini si uzi mmoja

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama sutra za Wahindu na za Wabuddha ni kitu kimoja. Neno ni moja, ila maandishi yenyewe yanatofautiana sana. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, sutra maana yake ni uzi, na kwa Wahindu jina hilo linafaa hasa, kwa kuwa sutra ni kauli fupi mno, iliyobanwa ili mwanafunzi aihifadhi kichwani, na kauli za namna hiyo hutungwa pamoja kama shanga. Sutra ya pili katika Yoga Sutra, mkusanyo unaonasibishwa na mwanazuoni wa kale wa India aitwaye Patanjali, kwa mfano, inasema kwa maneno machache tu kwamba yoga ni kutuliza misukosuko ya akili. Kwa sababu ya ufupi huo, si rahisi kuzielewa bila mwalimu au kitabu cha ufafanuzi.

Kwa Wabuddha, sutra (kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, sutta) ni hotuba au mazungumzo yanayonasibishwa na Buddha, na baadhi huchukua kurasa nyingi zenye marudio, ambayo naamini tusiyaone kuwa kasoro, kwani yaliwasaidia watawa kuzikariri kabla hazijaandikwa. Nyingi hufunguliwa kwa maneno “Hivi ndivyo nilivyosikia”, ambayo mapokeo huyahusisha na Ananda, mwanafunzi aliyefuatana na Buddha kwa karibu. Nakala ya Kichina ya Sutra ya Almasi, mojawapo ya sutra hizo za Kibuddha, iliyochapishwa mwaka 868 na kukutwa Dunhuang, China, ingali ipo London hadi leo.