Nilichojifunza kwa mwenzangu Mfilipino tulipotembelea miji ya kale ya Italia

Nilipokwenda Italia kwa mara ya kwanza nilifuatana na muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa jimbo la Iloilo nchini Ufilipino, ambaye nimefanya naye kazi wodi moja mjini Muscat kwa miaka sita. Sote pale wodini, Waomani, Wahindi na sisi tuliotoka Unguja, humwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Tulikuwa na likizo ya siku 11. Mimi nilikuja na orodha ya sehemu 23 nilizozikusanya kwenye simu. Yeye alikuja na daftari dogo lenye majina ya majengo matano na, chini ya kila jina, swali moja. Nawaandikia wanaojiandaa kwa safari kama hiyo, kwa kuwa ilipofika siku ya nne nilikuwa nimeiacha orodha yangu na kulifuata daftari lake.

Kwanza mambo ya karatasi. Pasi ya Tanzania na pasi ya Ufilipino zote huhitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, yakiambatana na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Sheria inataka ombi lifike siku 15 kabla ya safari, lakini anayesubiri hadi hapo huwa amechelewa, maana nafasi za miadi huwahi kujaa. Tiketi za Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa Roma, huandikwa jina la mwenye tiketi na mlangoni hulinganishwa na pasi, na hapo nilifanya kosa ambalo sikulitarajia. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu. Wafilipino huweka ukoo wa mama katikati na ukoo wa baba mwishoni. Fomu iliponipa nafasi ya majina mawili tu, nililiacha jina la mwisho la Ate nikidhani ni la babu yake, nikamsajili kwa ukoo wa mama. Tulisimamishwa kando robo saa nzima huku pasi yake ikipita mkono hadi mkono. Nakilini jina kama lilivyo kwenye pasi, wala msilipange kwa desturi za kwenu.

Jengo la kwanza katika daftari lilikuwa Pantheon, mjini Roma, ambalo limesimama tangu enzi ya mtawala Hadrian, yapata miaka 1,900 iliyopita, na ambalo tangu mwaka 609 ni kanisa. Kuba lake lina upana wa mita 43 na kitu, sawa na kimo chake kutoka sakafuni, na katikati ya kuba pameachwa tundu la duara lisilo na kioo wala kifuniko. Wageni wengi huinua simu, hupiga picha ya tundu, kisha hutoka. Swali la Ate lilikuwa fupi: mvua ikinyesha, maji huenda wapi? Kwao mvua ya tufani si jambo la mzaha. Akainama akaanza kuitazama sakafu badala ya dari, na baada ya muda akanivuta mkono kunionyesha vitundu vidogo vilivyotobolewa katika marumaru, kisha akanionyesha jinsi sakafu yenyewe ilivyoinuka kidogo katikati ili maji yateremke. Tulikaa humo karibu saa nzima. Mgeni atakayeingia mahali kama hapa na swali moja alilotoka nalo nyumbani atakumbuka zaidi kuliko atakayeingia na kitabu kizima cha maelezo.

Florence tulipanda kuba la kanisa kuu, lililojengwa na Filippo Brunelleschi kati ya 1420 na 1436. Ngazi ni 463 na lifti hakuna. Mwenye matatizo ya moyo au asiyependa sehemu finyu asijilazimishe, nami nasema hivyo kama muuguzi. Njia hupita kati ya kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na mnapoinama humo mnaweza kuyaona matofali yaliyopangwa mshazari kama miiba ya samaki, mpangilio uliomwezesha fundi kuinua kuba bila kulijazia jukwaa la mbao kutoka chini. Ate alikulia karibu na kanisa la Miagao, huko kwao Iloilo, lililomalizika 1797, ambalo kuta zake ni nene na zimeegemezwa kwa mawe mazito kwa sababu ya matetemeko ya ardhi na wavamizi wa baharini. Kwake jengo kubwa ni lile lililokaa chini na kujishikilia. Hapo, akiwa ameweka kiganja juu ya tofali, alisema kwamba hili limekwenda juu kwa ujasiri ambao kwao usingedumu, na alilisema bila wivu, kama fundi anayemhukumu fundi mwenzake.

Pisa tulipita tu. Mnara umeinama kama picha zinavyoonyesha, na nusu siku inatosha. Jambo la kukumbuka ni kwamba tiketi ya karatasi ya treni ya mikoani lazima igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Sisi hatukugonga, tukalipa faini, na kisingizio cha ugeni hakikusikilizwa.

Venice niliikosea mimi. Niliipangia siku moja, tena tukiwa na masanduku, bila kufikiri kwamba kila daraja lina ngazi na kila sanduku lina uzito wake. Tangu 2024 anayekuja bila kulala hutozwa ada katika siku zilizotangazwa, lakini hasara kubwa ni kwamba mtu wa siku moja huukuta mji katika saa zake za msongamano. Laleni angalau usiku mmoja. Kilichonifaa ni kile kilichofanana na kwetu: kwenye mifereji niliona kuta za matofali zilizoliwa na chumvi hadi plasta inabanduka, vile vile inavyobanduka katika nyumba za Mji Mkongwe, isipokuwa wao waliweka chini, panapogusana na maji, mawe meupe ya Istria yasiyonyonya unyevu kirahisi. Ningetaka kuwaonyesha mafundi wetu wa chokaa.

Mtanisamehe jambo dogo la lugha. Tulidhani Kihispania kilichobaki katika lugha yake na Kireno kilichobaki katika yangu vingetusaidia kwa Waitaliano. Tukagundua kwamba Wafilipino husema mesa na sisi husema meza, tukafurahi sana, kisha mhudumu akatuelekeza kwenye tavolo, ndiyo meza kwa Kitaliano. Jifunzeni maneno machache ya Kitaliano, na mjue kwamba kahawa mnayoinywa mmesimama kaunta mara nyingi huwa na bei ndogo kuliko mnayoletewa mmekaa.

Jumapili ya mwisho tulirudi Roma, katika kanisa la Santa Pudenziana, karibu na Santa Maria Maggiore. Ni miongoni mwa makanisa ya kale kabisa mjini humo, hata mtu hushuka ngazi kutoka barabarani kulifikia, na ndilo lililokabidhiwa jumuiya ya Wafilipino. Nyuma ya altare kuna picha ya vijiwe vya rangi, yenye umri wa karibu miaka 1,600, inayomwonyesha Kristo kwenye kiti cha enzi na mitume wakiwa wamevaa kama maseneta wa Kirumi. Ate alifungua simu akanionyesha uso wa kanisa la Miagao, ambako Mtakatifu Kristofa amechongwa akiwa na mavazi ya Kifilipino, ameshika mnazi, na Mtoto Yesu begani. Akaziweka picha hizo mbili sambamba kwa muda mrefu.

Baada ya misa tulipewa sahani za tambi na wanawake wanaofanya kazi za nyumbani na za kulea wazee, ambao walimuuliza Ate anatoka jimbo gani kabla ya kumuuliza jina. Mmoja wao, mwenye miaka 22 Roma, alisogeza kiti chake karibu na changu na kuniuliza ndani ya Colosseum kukoje.