Kukengeuka, kuchepuka au kugeuka?

Ndugu yangu, umeuliza "kukengeuka" kuna maana gani, na kama unaweza kuweka "kugeuka" mahali pake. Kukengeuka ni kuacha njia uliyotakiwa kuifuata. Ndani yake kuna lawama, ndiyo maana neno hili limekaa sana kwenye maandishi ya dini na maadili. "Ukengeufu" umo katika Biblia, barua ya pili kwa Wathesalonike, kwa maana ya kuiasi imani. Kisawe chake cha karibu kabisa ni "kupotoka".

"Kugeuka" hakuna lawama. Dereva hugeuka, upepo hugeuka, basi. Ukiandika "gari lilikengeuka kushoto" msomaji atashtuka; andika lilikata kona, au lilipinda.

Kuna pia "kuchepuka", yaani kutoka pembeni kidogo. Hili ninalipenda, ila liangalie: barabara ya mchepuko ni ile ya kuzungukia, lakini "mchepuko" wa mtu ni mpenzi wa nje ya ndoa!

Kwa sentensi yako, "kamati ilikengeuka kutoka katiba", usibadilishe kitu. Labda useme "ilikengeuka katiba". Ni fupi na inasikika vizuri zaidi. Na aliyeipotosha kamati hiyo, yeye ameikengeusha.