Wakili Akikukosea: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimejaa mawakili: fidia zilizopotelea ofisini mwao, kesi zilizolala, simu zisizopokelewa. Tumechagua saba. Isipokuwa pale tunapotaja Tanzania, majibu yanafuata Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16.

Niligongwa na matatu. Mahakama ilinipa fidia ya shilingi 1,400,000, bima ikamlipa wakili wangu, lakini mimi nimepata 400,000 tu. Anadai tulikubaliana achukue nusu, na kilichobaki kimeishia kwenye gharama. Siku hizi hata simu hapokei. Nianzie wapi? — Msomaji, Kakamega

Anza na karatasi kabla ya kulalamika popote. Nenda masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, uombe nakala zilizothibitishwa za hukumu na dikrii, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Kisha iandikie kampuni ya bima, utaje nambari ya kesi, na uulize ililipa kiasi gani, tarehe gani, na kwenye akaunti ya nani. Hapa ndipo wengi hushtuka. Malipo ya bima kwa kawaida huwa na mafungu: fidia yenyewe, riba, na gharama za kesi ambazo upande ulioshindwa huulipa upande ulioshinda. Wakili aliyekwisha kupokea fungu la gharama kisha akakata "gharama" tena kwenye fidia yako ana deni la kukueleza, kwa hesabu ya maandishi, ni gharama zipi hizo.

Na ile nusu? Kifungu cha 46 hakitambui mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu, wala ya kulipwa kiwango kimoja akishinda na kingine akishindwa. Hata kama ulitia sahihi, karatasi hiyo haimlindi. Ujira wake hupimwa kwa viwango vilivyowekwa kisheria, na pesa za mteja zinapaswa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa za ofisi.

Ukishapata nyaraka, mwandikie barua ya kudai hesabu na pesa, umpe siku 14. Ipeleke ofisini kwake na nakala yako igongwe muhuri, au uitume kwa posta na utunze risiti. Mazungumzo ya WhatsApp yanafaa pia, mradi picha za skrini zionyeshe nambari ya simu na tarehe.

Siku 14 zikipita kimya, nenda kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Afisi ya Mwanasheria Mkuu. Haitozi ada wala haikulazimu kuajiri wakili mwingine. Eleza mambo kwa mpangilio wa tarehe: lini ulimpa kazi, ulilipa nini, kesi nambari gani katika mahakama gani, hukumu ilitoka lini, bima ililipa lini, ulipokea kiasi gani. Kurasa mbili zinatosha. Faili zinazokwama mara nyingi ni zile zenye kurasa kumi za uchungu zisizo na nambari ya kesi hata moja. Peleka nakala, ubaki na nyaraka asilia.

Tume humwandikia wakili ajibu. Mambo mepesi, kama kuchelewa kutoa taarifa, huweza kusuluhishwa hapo hapo. Ikiona kuna kosa la kitaaluma, hufungua mashtaka mbele ya Jopo la Nidhamu, ambalo wajumbe wake ni mawakili wenye uzoefu wa angalau miaka 10 pamoja na watu wasio mawakili. Unaweza pia kwenda kwenye Jopo moja kwa moja kwa hati ya kiapo, ila mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako peke yako. Kwa mtu asiyezoea mahakama, sisi tungepitia Tume.

Mbele ya Jopo wakili husomewa mashtaka, akubali au akane, kisha ajibu kwa hati ya kiapo. Akipatikana na hatia hupewa nafasi ya kujitetea apunguziwe adhabu. Adhabu zenyewe ni onyo, kusimamishwa kazi kwa muda usiozidi miaka 5, kufutwa kwenye Daftari la Mawakili, faini isiyozidi shilingi milioni 1, na kuamriwa kumlipa mlalamishi fidia isiyozidi shilingi milioni 5. Jopo laweza kuziunganisha. Kwako wewe hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, na asipolipa Jopo lina uwezo wa kutoa waranti mali yake ikamatwe na kuuzwa. Usishangae pesa zikianza kuja kidogo kidogo baada ya kupatikana na hatia na kabla ya adhabu: malipo humsaidia anapoomba huruma.

Asiporidhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Tena, kushikilia pesa za mteja baada ya kazi kwisha kunaweza kuwa jinai pia, chini ya kifungu cha 80.

Wakili wangu alishindwa kesi ya shamba ambayo kila mtu kijijini alijua ni yangu. Naweza kumshtaki kwa utovu wa nidhamu? — Msomaji, Nyeri

Kushindwa si kosa la nidhamu. Kutofika mahakamani bila sababu, kutokuita mashahidi uliompa, au kukuficha tarehe ya hukumu, hayo ni mambo mengine. Kama uamuzi ulitolewa na hakimu, una siku 30 za kukata rufaa; kwa kesi ya ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Zihesabu leo. Tume haiwezi kubadilisha hukumu ya mahakama hata ikikubali kwamba wakili alizembea.

Nilimpa wakili kesi ya ajali miezi minne baada ya kuumia. Kila nikiuliza aliniambia "iko kortini". Nimegundua hakuwahi kuifungua, na sasa miaka mitatu imepita. — Msomaji, Eldoret

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, maana madai ya majeraha kwa uzembe hufungwa baada ya miaka 3. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini kwa mtu ambaye hakujua mambo ya msingi ya madai yake. Uvivu wa wakili hauhesabiki kama kutojua: wewe ulijua umeumia, ulijua nani alikugonga.

Una njia mbili, na unaweza kuzifuata zote. Kwanza ni Tume, kwa kudanganywa na kwa kazi kutofanywa. Pili ni kumshtaki wakili mwenyewe mahakamani kwa uzembe. Ukijenga kesi juu ya mkataba una miaka 6. Ukiijenga juu ya uzembe peke yake una 3. Utahitaji kuthibitisha kwamba ulimpa kazi kweli (risiti ya ada ya kwanza, barua ya kumwagiza, fomu ya polisi uliyompelekea) na kwamba kesi ya ajali ilikuwa na nguvu. Kipengele hicho cha pili husahaulika. Kama kesi yenyewe ingeshindwa hata ingefunguliwa mapema, hasara yako mbele ya jaji ni ndogo.

Nataka kubadilisha wakili lakini amekataa kutoa faili mpaka nilipe 250,000. Hiyo ni haki? — Msomaji, Mombasa

Wakili ana haki ya kushikilia nyaraka kwa ada halali ambayo hajalipwa, kwa hiyo usikimbilie kumwita mwizi. Swali ni kama 250,000 ni halali. Mwombe ankara yenye kila kazi na bei yake, iliyotiwa sahihi. Bila kukukabidhi ankara hiyo na mwezi mmoja kupita, hawezi kukushtaki kwa ada. Ukiona ni kubwa mno, ipelekwe kwa naibu msajili wa mahakama aipime. Asiyeridhika na kipimo ana siku 14 za kutoa notisi ya vipengele anavyovipinga, kisha jambo hufika kwa jaji.

Kama kesi bado inaendelea, wakili mpya huwasilisha tu notisi ya kubadilisha wakili. Kama hukumu imeshatoka, itabidi upate idhini ya mahakama au maafikiano ya maandishi kati ya mawakili wawili. Wengi hushtukia hili siku ya kukata rufaa, muda ukiwa umebaki wiki moja.

Nitajuaje kama huyu ni wakili kweli? Na kama aliyeniandalia hati ya ardhi hakuwa na leseni, hati imebatilika? — Msomaji, Nakuru

Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria Kenya, LSK, lakini usiishie kwenye jina. Mwaka 2023 lilizuka sakata la mtu aliyedaiwa kutumia akaunti ya wakili mwenye jina linalokaribia lake. Uliza nambari yake ya P105, yaani ya usajili wa wakili, linganisha, kisha piga simu ya ofisi iliyoandikwa kwenye tovuti, si ile aliyokupa yeye. Leseni ni ya mwaka, huisha Desemba 31, kwa hiyo wa mwaka jana si lazima awe wa mwaka huu.

Kuhusu hati, pumua. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015, katika kesi ya benki ya National na kampuni ya Anaj Warehousing, kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na leseni ya mwaka huo. Kosa ni lake. Mtu ambaye hajawahi kuwa wakili kabisa ni suala la polisi, maana Jopo la Nidhamu halina jina la kufuta.

Huku Tanzania mambo yanakwendaje? — Msomaji, Moshi

Kwanza tenganisha mwanasheria na wakili. Mwenye shahada ya sheria si wakili mpaka aapishwe na jina liingie kwenye Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili.

Kwa Tanzania Bara, chombo cha nidhamu ni Kamati ya Mawakili, chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Ina wajumbe watatu: Jaji wa Mahakama Kuu, mwakilishi wa upande wa Mwanasheria Mkuu, na wakili anayeteuliwa na Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Inaweza kuonya, kusimamisha, au kufuta jina. Rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Jaji pia anaweza kumsimamisha wakili kwa muda wakati jambo likisubiri uamuzi. Fatma Karume, aliyewahi kuwa Rais wa TLS, alisimamishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, Kamati ikamfuta mwaka 2020, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Zanzibar ina sheria na chama chake.

Wakili ameahidi kunilipa zote nikifuta malalamiko. Ameleta hundi ya tarehe ya mwezi ujao na karatasi ya kutia sahihi leo. — Msomaji, Kisumu

Usitie. Hundi ya mwezi ujao ni ahadi, na umeshakuwa na ahadi zake nyingi. Mwambie aweke pesa benki; zikishaingia, iandikie Tume kwamba umelipwa kiasi kadhaa tarehe fulani, bila kuongeza neno. Shauri likishafika mbele ya Jopo huwezi kuliondoa bila idhini yake, na Jopo laweza kuendelea hata kama wewe umeridhika.