Ijue Bledi Kabla ya Mashine: Kwa Unayeanza Msumeno wa Nakshi

Karibu kila anayetaka kuanza huniuliza anunue mashine gani. Mimi humwomba kwanza aniambie ameshakata nini kwa mkono, na wengi hapo hunyamaza. Basi haya ninayoyaandika ni yale ninayowaeleza barazani kwangu hapa Jinja, Uganda, siku za Jumamosi, chai imeshapoa na sisi bado tumeinamia mbao. Kazi yangu ya wiki ni uhasibu. Hii ndiyo starehe yangu, na ningependa iwe yako pia bila kupitia hasara nilizopitia.

Mashine yenyewe inaitwa skroli soo. Mimi nimezoea kuiita msumeno wa nakshi. Ina bledi nyembamba yenye urefu wa inchi 5, imebanwa juu na chini, inapanda na kushuka mahali pamoja. Msumeno hautembei. Mbao ndiyo inayotembea, na vidole vyako ndivyo vinavyoizungusha. Hapo ndipo inapotofautiana na jigsoo ya fundi seremala, ile inayopita juu ya ubao. Ndiyo maana mtu wa nguvu nyingi huchelewa kuizoea kuliko mtu wa cherehani. Nimewahi kuwafundisha washonaji wawili, na wote wawili walikata duara safi siku ya kwanza, kwa kuwa mikono yao ilishajua kuongoza kitu bila kukisukuma.

Kabla hujatoa hela ya mashine, nunua msumeno wa mkono wa upinde na bledi zake. Chukua kipande cha ubao, kata mdomo wa herufi V upande mmoja, kifunge kwa skrubu ukingoni mwa meza huku mdomo ukitokeza nje. Kazi unailaza juu ya mdomo huo na bledi inapita katikati ya V. Mimi nilianza hivyo kwa miezi minne. Kazi ya kwanza niliyomaliza ilikuwa ramani ya Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, niliyoibandika kwenye plaiwudi na kuikata kwa kufuata mipaka, ziwa Victoria nikaliacha liwe kipande chake. Ni kazi nzuri ya mwanzo maana hakuna tundu la ndani la kutoboa, na mkato ukipinda kidogo mpaka bado unatambulika. Tena si wazo jipya: John Spilsbury wa London alikuwa akiuza ramani za namna hiyo miaka ya 1760, watoto wajifunzie jiografia, na wakati huo hakukuwa na mota ya umeme hata moja.

Ukishaona kwamba kazi yenyewe unaipenda, nenda kwenye mashine. Nitataja mawili tu ya kuangalia dukani, mengine utayajua ukiwa nayo.

La kwanza ni namna inavyoshika bledi. Kuna bledi zenye kipini, yaani kijiti kifupi cha chuma kilichokatiza kila ncha, na kuna zilizo tambarare zisizo na kipini. Za kipini ni rahisi kufunga, na muuzaji atakusifia hilo. Lakini kumbuka kwamba kukata nakshi ya ndani unatoboa tundu kwa drili, unafungua bledi juu, unaipitisha tunduni, unaifunga tena. Kipini hakipiti kwenye tundu dogo. Ukitaka kukata jicho la ndege lenye upana wa punje ya mchele, bledi ya kipini imeshakushinda kabla hujaanza. Chagua mashine inayokubali bledi tambarare, au inayokubali zote mbili. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kipini peke yake. Nikaibeba mikono yake inayoshika bledi hadi Katwe, Kampala, fundi wa chuma akanitengenezea vibanio viwili vidogo vya kubana bledi tambarare, kila kimoja na skrubu mbili. Alivichonga kwa tupa huku akipima kwa bledi yenyewe, hakutumia rula hata mara moja, na mpaka leo havijawahi kuachia.

La pili ni kibao cha mota. Umeme wetu ni volti 240. Baadhi ya mashine zilizokwishatumika zimetoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, na muuzaji akishabadilisha plagi ikawa ya meno matatu hutajua kwa macho. Geuza mashine, soma kibao. Pakiwa pameandikwa 120, unahitaji transfoma, na bei ya transfoma uipunguze kwenye bei ya mashine.

Sasa tufike kwenye bledi, maana hapa ndipo watu hukata tamaa bure. Mashine ya kawaida yenye bledi nzuri itakufanyia kazi safi. Mashine ya gharama yenye bledi iliyokufa itachoma mbao na kukutia hasira. Bledi zina namba, na namba ikipanda bledi inanenepa. Kwa plaiwudi ya milimita 3 au 4 natumia namba 3. Kwa mbao ya kawaida namba 5. Kwa mbao ngumu nene natumia 7 au 9. Meno yaelekee chini. Pitisha kidole taratibu kutoka chini kwenda juu, mashine ikiwa imechomolewa, yatakukwaruza. Yasipokukwaruza umeifunga juu chini, na mbao itakuwa inarukaruka mezani. Nunua bledi kwa dazeni. Itavunjika, itakuwa butu, na kuvunjika kwake si kosa lako kila mara. Kwenye mvule bledi moja hainifikishi dakika 20.

Baada ya kuifunga, ikaze, kisha iguse kwa ukucha kama uzi wa zeze. Ilie kwa sauti ya juu, safi. Ikitoa mlio mzito wa kulegea, itapinda tumboni mwa mbao na utashangaa upande wa juu ni duara na wa chini ni yai. Halafu hakiki kama bledi imesimama wima. Skwea ndogo, kile kipimo cha pembe mraba, inatosha, ila kuna njia ninayoiamini zaidi: chukua kipande kinene cha mbao, kata kidogo tu ukingoni, zima. Kizungushe kipande uende nacho nyuma ya bledi, uone kama mkato ule ule unaingia sawasawa kwenye mgongo wa bledi. Ukiingia bila kulazimisha, meza ya mashine iko sawa. Usipoingia, legeza meza uirekebishe, urudie. Mimi hufanya hivi kila Jumamosi kabla ya kugusa kazi ya mtu.

Jambo jingine linalowatisha wageni: unasukuma mbao moja kwa moja na mkato unaenda pembeni. Mkono wako hauna tatizo. Bledi nyingi hutoka kiwandani upande mmoja, kwa kawaida wa kulia, ukiwa mkali kidogo kuliko mwingine, kwa hiyo huvuta. Ilaze mbao kwa pembe ndogo mpaka mkato ufuate mstari, kisha ishike pembe hiyo. Baada ya wiki chache hutaikumbuka tena, kama mwendesha baiskeli asivyokumbuka usukani wake uliopinda.

Kwenye kona kali, acha kusukuma mbele. Rudisha mbao kidogo iegemee mgongo wa bledi, ambako hakuna meno, izungushe hapo hapo, kisha endelea. Fanya hivyo kwa kasi ndogo. Mashine nyingi zinabadilika kati ya mipigo 400 na 1,600 kwa dakika, na anayeanza hana sababu ya kupita nusu. Ukiona moshi au ukisikia harufu ya mbao iliyoungua, umesukuma au bledi imekwisha.

Hili linalofuata naomba ulisome mara mbili. Jioni moja nilikuwa katikati ya kazi, umeme ukakatika. Mashine ikasimama. Nikaona huu ndio wakati wa kubadilisha bledi, nikawasha tochi ya simu, nikafungua kibanio cha juu. Swichi sikuigusa, kwa kuwa akilini mwangu mashine ilikuwa imezimwa. Umeme ukarudi. Mkono wa mashine ukaanza kupiga, bledi iliyolegea ikachapa kama fimbo na ncha yake ikaniingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilishonwa nyuzi mbili, na namshukuru Mungu ilikuwa bledi namba 3. Tangu siku hiyo umeme ukikatika mkono wangu unakwenda kwenye swichi, kisha kwenye plagi, ndipo nafikiria tochi. Kwetu umeme hukatika. Jifunze mwendo huo siku ya kwanza, kabla hujajifunza kukata.

Mbao. Anza na musizi. Ni laini, nyepesi, ya rangi ya manjano iliyopauka, na inapatikana. Nikienda Kampala hupita Ndeeba, pale kwenye mbao, niulize mabaki: vipande ambavyo seremala hana kazi navyo vinanitosha miezi miwili. Sema kwa adabu unataka vipande vya kuchezea kazi, vikavu, na uvipapase. Kikiwa na ubaridi wa unyevu kiache. Paini inavutia kwa bei lakini mistari yake ni migumu na katikati ya mistari ni laini, bledi inayumba. Plaiwudi ni nzuri kwa nakshi nyembamba, ila itazame ukingoni: ukiona mapengo kati ya tabaka, urembo wako utakatikia hapo. Mvule una rangi inayozidi kupendeza ukikaa, nami naupenda, lakini mara nyingine huficha chembe ngumu kama jiwe ndani yake, zinazoua bledi papo hapo. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa vaa kwa mbao zote; kwa mvule usiwashe mashine bila barakoa, na ufanyie kazi mahali penye hewa.

Angalia mkondo wa nyuzi za mbao. Korongo taji, ndege wa bendera yetu, kila mtu anataka kumkata, na kila mtu anamvunja miguu. Miguu ni myembamba; nyuzi zikiikata kwa upana inavunjika ukiipulizia vumbi tu. Geuza kiolezo, yaani karatasi yenye mchoro unaoufuata, ili nyuzi zishuke pamoja na miguu. Au tumia plaiwudi, ambayo tabaka zake hupishana.

Kiolezo chako kitoe kopi, asili uihifadhi. Usikibandike kwa gundi moja kwa moja kwenye mbao. Utakesha ukikikwangua kwa msasa. Funika mbao kwanza kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi, kisha bandika kiolezo juu ya tepu. Ukimaliza unabandua vyote kwa mkupuo mmoja. Kwenye mbao ngumu naongeza selotepu pana juu yake, na nimeona alama za kuungua zinapungua sana. Kata mapambo ya ndani kwanza, madogo kabla ya makubwa, na mstari wa nje uwe wa mwisho, ili muda wote uwe na mbao ya kutosha kushika.

Utakapokuwa tayari kwa kazi ya maandishi, wengi wataomba Bismillah, ile nzima ya Bismillahi Rahmani Rahimu kwa herufi za Kiarabu, hasa Idi ikikaribia. Kaa nayo kwa penseli kabla ya kuikata. Ukikata herufi ziwe matundu, jicho la mimu, yaani kitundu cha herufi ya M, litadondoka, maana halijashikwa na kitu. Liachie daraja jembamba la mbao. Ukiziacha herufi zisimame zenyewe, basi nukta nazo zinabaki peke yake: moja ya ba, moja ya nuni, mbili za ya. Nukta hizo unazikata kando na kuzigundisha kwenye ubao wa nyuma. Ya kwanza niliikata kwa mvule juu ya musizi, wiki tatu, nikampelekea mama. Aliishika karibu na dirisha, akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza nukta ya nuni iko wapi. Ilikuwa imeanguka kwenye vumbi la mbao sakafuni kwangu, nami sikujua. Nilikata nyingine usiku ule ule. Sasa kila nikimaliza moja huipitisha kwake kwanza, naye huweka kidole juu ya kila nukta, moja, mbili, tatu, nne, ndipo anaruhusu nipake vanishi.