Kanzu nyeupe iliyoingia weusi: usibadilishe aina ya picha bila kubadilisha kipimo

Juzi binti mmoja wa Likoni, Mombasa, aliniandikia: "Kaka, nimegeuza picha yangu kuwa float, sasa imekuwa nyeupe pe. Nimekosea wapi?" Float ni nambari yenye desimali. Nilimjibu palepale, lakini swali lake lilinitonesha kidonda.

Nilipokuwa naanza kazi nilipiga picha za harusi moja Kibokoni. Ukumbi ulikuwa na giza, picha zikatoka hafifu. Nikaandika programu fupi ya Python, kila pikseli (kinukta cha picha) iongezwe 40, kisha nikalala. Asubuhi nikafungua mbili tatu za vijana waliovaa suti nyeusi, nikaona zimependeza. Nikatia zote kwenye flashi, nikapeleka.

Jioni baba yake bwana harusi akanipigia. "Kijana, mwanangu alivaa kanzu nyeupe. Hii ni nini?"

Nikafungua picha yenyewe. Uso ulikuwa safi, lakini kifuani kanzu ilikuwa na mabaka meusi, na mikunjo imegeuka manjano. Picha za kawaida ni uint8: kila rangi ya pikseli (nyekundu, kijani, buluu) ina biti 8, yaani nambari 0 mpaka 255, basi. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ikipita 255 huanza upya kutoka sifuri. Kanzu ilikuwa 230. Ukiongeza 40 ni 270, ikaandikwa 14, karibu na weusi mtupu. Kwenye mikunjo, nyekundu 210 ilifika 250 salama, kijani vilevile, lakini buluu 220 ikaanguka 4. Ukiondoa buluu kwenye weupe, unabaki na manjano. Kompyuta haikulalamika hata neno.

Sikulipwa nusu iliyobaki. Mpaka leo nikikutana na mzee yule Marikiti natoa salamu, naye huitikia bila kunitazama. Inauma, kwa sababu picha halisi nilikuwa nazo, na nilizirekebisha usiku uleule kwa mistari minne tu.

Mistari yenyewe ndiyo hii. Geuza picha kuwa float na uigawe kwa 255, iwe kati ya 0 na 1. Fanya hesabu zako hapo, kwa kipimo hichohicho (40 yangu nayo igawe kwa 255). Bana: kilichozidi 1 kiwe 1, kilichopungua 0 kiwe 0. Kisha zidisha kwa 255, ipeleke kwenye nambari nzima iliyo karibu, ndipo uirudishe uint8. Binti wa Likoni alitumia astype, amri ya NumPy ya kubadilisha aina ya nambari, peke yake: nambari zake zilibaki 0 mpaka 255, na programu ya kuonyesha picha huhesabu float yoyote ya 1 au zaidi kuwa mwanga kamili. Astype hubadilisha chombo, haibadilishi kipimo. Ukitaka njia fupi, kuna maktaba mbili za picha za Python: scikit-image ina img_as_float inayokugawia yenyewe, na cv2.add ya OpenCV husimama 255 badala ya kuzunguka.

Nyinyi mnaotaka kuishi kwa kazi hii, acheni uvivu wa kufungua picha mbili mkasema kazi imekwisha. Chapisha nambari ya chini kabisa, ya juu kabisa na aina ya data, kabla na baada ya kila hatua. Picha ya biti 16 hufika 65535, basi gawa kwa 257 ukiishusha biti 8. Lakini data ya kamera ya biti 12 huishia 4095 hata ikiwa imewekwa ndani ya biti 16. Hiyo igawe kwa 4095 kwanza, la sivyo itatoka nyeusi nawe utailaumu lenzi.

Na kama kuna mtu amevaa kanzu, anza kuikagua kanzu.