Wikendi moja, sehemu moja: kwa wadogo zangu mnaokuja kusoma Ujerumani

Kila ikifika mwezi wa kumi napata meseji za wadogo zangu waliopata skolashipu ya kuja kusoma huku, wakishamaliza kuuliza koti la baridi linunuliwe wapi na unga wa ugali unapatikana duka gani, swali linalofuata ni lile lile, "wikendi tutembee wapi?" Nimejibu kwa voisi mara nyingi sana, leo ngoja niandike.

Mimi nasoma Leipzig, nyumbani Lindi mjini. Nilipofika 2024 nikafanya kosa ambalo wengi tunalifanya. Wikendi ya kwanza niliyokuwa huru nikapanga miji mitatu kwa siku mbili, maana ukiiangalia Ulaya kwenye ramani kila kitu unaona kipo jirani, yani usiku nipo kwenye basi, asubuhi mji wa kwanza, jioni wa pili, Jumapili wa tatu. Nikarudi na picha mia mbili kwenye simu na miguu imevimba, mama akanipigia akaniuliza umeona nini mwanangu, nikakosa cha kumsimulia. Nilichokumbuka vizuri ni stesheni. Na hela ya chakula ya wiki mbili ndo ilikuwa imeishia hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wikendi moja sehemu moja, na hapo ulipoenda uwe na kitu kimoja ulichokifuata kwa moyo wako. Vingine ukivikuta njiani ni nyongeza.

Usafiri kwanza. Kuna tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikapanda hadi 58, Januari 2026 ikafika 63, na vyuo vingi vina ya wanafunzi ya bei nafuu kwa hiyo ulizia chuoni kwako kabla hujanunua. Kwa tiketi hiyo unapanda treni za mikoani, tramu, mabasi ya mjini na treni za chini ya ardhi nchi nzima, hata ukitaka kila siku. Ila treni za mwendo kasi haihusiki kabisa. Mimi siku moja nilikuwa na haraka nikaingia treni iliyokuwa upande wa pili wa platfomu, mlango umefungwa ndo nagundua sio yenyewe, faini euro 60 na niliilipa. Angalia herufi: RE, RB na S ni zako, ICE na IC achana nazo. Alafu kuna treni zinaondoka zimeunganishwa, mbele ya safari zinakatwa, mabehewa ya mbele yanaenda huku na ya nyuma kule, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye behewa lenyewe kabla hujakaa ukasinzia. Na wikendi ndo wanapenda kutengeneza reli, utakuta kipande fulani mnashushwa mnapanda basi, angalia kwenye appu usiku kabla ya kulala.

Sasa Berlin. Toka Leipzig kwa treni za mikoani ni kama masaa mawili na nusu na unabadilisha njiani. Watu watakwambia nenda kwenye ule mnara wa televisheni na ile geti kubwa, sawa, vizuri, nusu siku inatosha. Mimi nilifuata Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe asilia, kwa sababu mle ndani ndo yupo yule mjusi wetu wa Tendaguru, yani mifupa ya dinosaria, huyo huyo ambaye bungeni kila baada ya muda mtu anasimama kuuliza atarudishwa lini. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, Lindi kwetu kabisa, na kipindi hicho vita ya Majimaji ndo ilikuwa imeisha juzi tu na njaa yake. Vijijini kule watu walichimba kwa mikono, wakabeba kichwani na mabegani kwenda bandarini Lindi, siku kama nne kwa miguu, mzigo wote unazidi tani 200. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, jina lake likariri kabla hujaenda.

Unaingia tu ukumbi wa kwanza, unamkuta. Urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13, ukisimama miguuni pake kichwa hukioni vizuri mpaka urudi nyuma. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima naangalia mfupa wa paja tu, umepasuka pasuka umeungwa, rangi ya udongo, nikawa nawaza huu nao kuna mtu aliutembeza porini jua la kwetu lile, labda hata ni ukoo wetu. Nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha. Akanyamaza, alafu akasema, "Kumbe ndo huyu. Babu yako alikuwa anamsema sana." Sijawahi kuambiwa hiyo habari kabla ya siku ile.

Ukitoka hapo usiende mbali. Stesheni ya karibu inaitwa Naturkundemuseum, ipo kwenye laini ya U6 ya treni ya chini ya ardhi, panda hiyo hiyo kuelekea kaskazini ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Mtaa uliokuwa unaitwa Petersallee, jina ambalo kwa historia yetu linatukumbusha Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani waliyemwita Mkono wa Damu, tangu Agosti 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Ni mtaa wa kawaida wa nyumba za watu, hakuna sanamu, hakuna duka la zawadi, ni kibao tu kwenye nguzo. Mimi nilisimama pale chini nikalia na siwaombi radhi. Makumbusho Jumatatu yanafungwa, na kitambulisho cha mwanafunzi kinakupunguzia kiingilio.

Kama unahitaji kupumua tu, baada ya mitihani mfano, nenda Rathen, kijiji kando ya mto. Unafika Dresden, unachukua treni ya S1 inayofuata mto Elbe, dakika kama arobaini hivi. Pale kuna pantoni haina injini! Imefungwa kwa waya mrefu uliotiwa nanga katikati ya mto, nahodha anaiweka pantoni mshazari na mkondo wa maji wenyewe unaisukuma ng'ambo, kimya kabisa, unasikia maji tu. Mimi niliyezoea pantoni ya Kitunda pale Lindi na ngurumo zake nilivuka mara tatu bila sababu. Ng'ambo unapanda ngazi hadi daraja la mawe la Bastei, lilijengwa 1851, mto unauona chini mita 194. Vaa viatu vya kushika, mvua ikinyesha mawe yanateleza.

Chakula beba chako. Chapati na mayai ya kuchemsha vinafika jioni. Jumapili maduka yanafungwa karibu yote, yanayobaki ni ya kwenye stesheni kubwa na bei yake utaisikia. Maji ya bomba yanakunywika, chupa za plastiki usitupe maana nyingi zina dhamana ya senti 25 unazirudisha dukani. Na mwezi wa 12 giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo ukitoka kitandani saa tano umeshapoteza siku.

La mwisho, makaratasi. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi siku 90 ndani ya siku 180, Uingereza haimo, lakini pasipoti na ile kadi ya kibali lazima uwe navyo mwilini, sio picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi mipaka yote ya nchi kavu. Tukitoka Prague mwenzangu alikuwa ameacha pasipoti hosteli, akashushwa kuhojiwa, tukashuka naye wote, tumefika Leipzig saa nane usiku na asubuhi ana uwasilishaji.

Mimi Jumamosi hii naenda Görlitz, pale unavuka daraja kwa miguu upo Poland. Pasipoti ipo kwenye begi tangu jana.